Asali Mdomoni mwa Mzee Moshi

“Marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa akiwafundisha watoto wetu kuabudu jiko.”

Somo yangu, hayo ameyaandika Bwana Hemed, mwenyekiti wetu, kwenye kundi la wasap la jumuiya, na hata arubaini yako haijafika. Angalia alivyoipanga hiyo sentensi. Kwanza anakuombea rehema, halafu anakushitaki. Ulikuwa ukinikanya nisimjibu mtu nikiwa na hasira. Sasa hupo wa kunikanya, hasira ninazo, na ninamjibu.

Hukumfundisha mtoto yeyote kuabudu kitu. Ulikuwa ukiwaonyesha watoto katuni Jumamosi mchana, wakitoka chuo cha Kurani, kwenye ukumbi wa jumuiya. Unakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya skrini, maikrofoni mkononi, unawasemea watu wa kwenye picha kwa Kiswahili juu ya sauti zao wenyewe. Kazi hiyo uliianza udogoni, kwenye banda la video la mjomba wako kule Jang'ombe. Ulizitia maneno filamu za ngumi za Kichina na za mapenzi za Kihindi bila kujua Kichina wala Kihindi, na watu walilipa kukusikia wewe. Hapa Birmingham, watoto wanaoelewa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza walikuwa wakitoka pale ukumbini wanatukanana kwa Kiswahili safi cha Unguja. Bwana Hemed mwenyewe akimleta mjukuu wake Shani, anamwacha mlangoni, anakwenda zake kunywa kahawa. Hakuwahi kukaa hata mara moja akatazama. Sasa ametoa hukumu.

Barua hii si yako peke yako, Somo, nisikudanganye. Nikiimaliza naituma kundini. Kwa hiyo vumilia nikiwaeleza wenzetu mambo unayoyajua.

Katuni inayozozaniwa ni ya Kichina, ndefu kama filamu ya watu wazima. Msichana mdogo anaishi kijijini na bibi yake. Wazazi wake wako mji wa viwanda, mbali, hurudi mwaka mpya tu, na safari hii wamepiga simu kusema hawaji. Juu ya jiko la bibi pamebandikwa picha ya mzee mwenye ndevu. Kwa mila za kale za Wachina mzee huyo hukaa pale mwaka mzima akitazama yote yanayotendeka ndani ya nyumba. Mwaka ukiisha picha yake huchomwa, naye hupanda na moshi kwenda mbinguni kutoa habari za nyumba hiyo. Kabla ya kumchoma, watu humpaka asali mdomoni ili akaseme matamu tu. Wewe ulimpa jina la Mzee Moshi. Wachina humwita mungu wa jiko; neno mungu wewe hukulitamka. Nilikuwepo, nilikusikia.

Msichana wa kwenye katuni anaificha asali. Anasimama mbele ya picha, na kwa sauti yako anamwambia: “Mwaka huu unakwenda na mdomo mkavu. Kaseme ulichokiona.” Watoto wote ukumbini walikuwa wakiisema sentensi hiyo pamoja nawe.

Sasa, watoto wa Birmingham hawana picha ya mzee juu ya jiko. Wana kile kidude cheupe cha darini kinachopiga kelele chapati ikiungua. Kiko juu, kinatazama jikoni, na kikiona moshi kinasema. Wakakubaliana kwamba ndiye Mzee Moshi. Shani akapanda juu ya meza ya jikoni kwao, akakipaka asali nusu chupa. Bwana Hemed akaja kukaa palepale kunywa chai, asali ikamdondokea kwenye kofia yake ya kushonwa kwa mkono. Hiyo ndiyo ibada yote iliyofanyika. Mtu amechafuliwa kofia, ameanza kuzungumzia ushirikina.

Usije ukadhani nakutetea kwa sababu naipenda ile katuni. Unajua siiamini. Tumegombana juu yake kwenye basi, wewe unatoka kazini Longbridge, kwenye nyumba ya wazee, miguu imekuvimba, mimi nimekusubiri njiani na mkoba wangu wa vitabu. Bado naisimamia hoja yangu.

Ile katuni ni nzuri mno. Milima imechorwa kwa wino unaoyeyuka kama ukungu. Madirishani kuna karatasi nyekundu zilizokatwa maua. Mvuke wa maandazi yao yale ya kuchemsha unapanda mpaka mtu anasikia njaa. Mimi, nikiona nchi yoyote inawaonyesha watu mila zao kwa uzuri wa namna hiyo, nachungulia nyuma ya pazia nione kunabomolewa nini. Na ndani ya katuni kweli kunabomolewa. Kwenye ukuta wa nje wa nyumba ya bibi kuna alama moja nyekundu iliyopakwa kwa brashi pana, kisha theluji inaanguka inaifunika, na hakuna anayeitaja tena. Jirani yangu wa Ladywood, Bi Mei, mwanamke wa Kichina tunayekaa naye ghorofa moja, yule aliyekuazima diski, ndiye aliyenambia ile alama maana yake ni nyumba hii ivunjwe.

Na mtoto je? Kwa nini asiwafuate wazazi wake huko mjini? Katuni haisemi. Baba na mama wanaonyeshwa kama watu waliokosa muda, basi, kana kwamba tatizo ni saa ya ukutani. Bi Mei akanambia kwamba kwao mtoto aliyeandikishwa kijijini huweza kupata taabu kubwa kuingia shule ya mjini. Neno hilo moja lingetosha, na halimo. Tumepewa machozi, tumenyimwa sababu.

Mchezo huu tunaujua, maana na sisi tunachezeshwa. Kila mwaka tunaitwa kwenye sherehe ya tamaduni. Leteni kanga, leteni ngoma, leteni sambusa, watoto wavae kofia wapigwe picha. Tunakwenda, tunapendeza. Hakuna anayetuuliza juu ya kuvu nyeusi iliyotambaa kwenye kuta za vyumba vya watoto wetu. Sambusa zetu zinawapendeza kuliko vikohozi vyetu. Kwa hiyo nilikwambia, na narudia, kwamba katuni yenyewe imepakwa asali mdomoni, na asali ni hizo mila.

Ukanijibu, basi zima likisikia: “Somo, wewe hata ukiletewa uji kitandani utauliza nani kaukoroga.”

Nikakwambia: “Na wewe utaunywa na sumu yake, mradi mkorogaji anajua kuchekesha.”

Ukacheka mpaka ukashuka kituo sicho. Watu walikuwa wakituita Salma wa Picha na Salma wa Maneno kutupambanua. Siku hizi wananiita Salma tu. Sijalizoea.

Lakini kulikuwa na jambo jingine nililokushuku, na hilo sikukwambia vizuri. Ilikuwa ile sehemu ya mbinguni. Mzee Moshi amefika juu, mdomo mkavu, hajapakwa kitu. Amepaka uso wake rangi kama waigizaji wa opera za Kichina, amesimama mbele ya baraza kubwa, amefungua mdomo. Na wewe, uliyekuwa ukiwasemea hata mbuzi na masufuria, hapo unanyamaza. Unaiweka maikrofoni mapajani. Wanasema Kichina mpaka wanamaliza, watoto wametoa macho, wewe kimya. Akishuka duniani ndipo unaendelea.

Nilikuuliza. Ukasema koo limekauka. Somo, koo halikauki kila Jumamosi mahali palepale. Nikajiambia unamwogopa Bwana Hemed, kwamba mbinguni ni eneo lake na hutaki kesi. Iliniudhi. Nilikuona unaingia kwenye kundi la wanaochagua maneno.

Halafu ukafa, na tukakusomea hitima. Ukumbi uleule, mikeka chini, kahawa, halwa ya kutoka nyumbani. Bwana Hemed akasimama, akasema ulikuwa mama wa watoto wote wa jumuiya. Wakasimama na wengine. Mmoja akasema hukuwahi kugombana na mtu. Wewe, uliyemrushia kata ya uji mwenye nyumba. Raya, mwanao, alikuwa amekaa pembeni ameinamisha kichwa, na kila mwanamke aliyempa mkono alimwambia mama yako alikupenda sana, na yeye akijibu kwa Kiingereza, asante, asante. Nilikuwa na tonge la halwa mdomoni. Nilimtazama mmoja mmoja mle ndani, nikamwona Mzee Moshi kila pembe.

Kesho yake nikabisha hodi kwa Bi Mei. Sikwenda kuomboleza, nilikwenda kuhoji. Nikamwambia aiweke diski, anisomee neno kwa neno mzee yule anasema nini mbele ya baraza.

Bi Mei akaiweka. Kisha akatafsiri taratibu. Mzee anasema: nyumba ile ni njema, bibi ana afya, mtoto ana furaha, hakuna mwenye malalamiko.

Mdomo mkavu, Somo. Hakupakwa chochote, na bado kasema matamu.

Nikamwuliza, huko kwenu watu walipoona hapo walifanya nini? Akasema walicheka, ilikuwa filamu ya sikukuu. Nikaanza kupanda hasira, nikasema si nilijua. Ndipo Bi Mei akarudisha nyuma kidogo, akasimamisha picha kwenye uso wa mzee, akauliza kama nauona ulivyopakwa. Mweupe, wote. Akanambia katika opera zao uso mweupe wa namna ile ni wa mtu wa hila, msaliti, asiyeaminika. Kila bibi kijijini anajua. Mzee amepakwa uso huo dakika ile tu anapotoa habari, na akishuka duniani hana tena.

Nilikaa kwenye kochi lake, nikamwomba airudie tena.

Maana hapo hoja yangu inapasuka, na hupo ufurahi. Mila niliyoiita asali ndiyo iliyobeba ukali. Anayetaka kuona sherehe ataona mzee wa opera amependeza. Anayejua rangi ataona mwongo. Hakuna afisa wa serikali anayeweza kumshika mtu kwa kuchora opera. Aliyeitunga sehemu hiyo ama ni mjanja kuliko wote niliowasoma, ama alipenda rangi nyeupe, basi, na mimi na Bi Mei tumejitungia mengine. Sijui. Bado namshuku. Ila sasa namshuku kwa heshima.

Nikiwa mlangoni natoka, Bi Mei akanambia: “Rafiki yako aliniuliza hilohilo. Nikamwambia. Akataka kuiona tena na tena, kisha akaondoka bila kumaliza chai.”

Kwa hiyo ulijua. Ulijua anachosema, na ukakaa kimya makusudi, na ukanidanganya habari za koo.

Kwa nini? Nilikaa na swali hilo kama mwiba, na nilikushuku mengi, mengine siyaandiki hapa. Jibu, au kitu kinachofanana na jibu, nimelipata kwa Raya.

Wenzangu mnaosoma, wengi wenu hamjui kwamba Raya hakuzaliwa hapa. Salma alimwacha Unguja kwa mama yake akiwa bado ananyonya, akaja kutafuta maisha, na hakuweza kumleta mpaka mtoto ameshakuwa msichana anayejisuka nywele mwenyewe. Karatasi zilichelewa, nauli ilichelewa, kila kitu kilichelewa. Ijumaa baada ya Ijumaa ilikuwa simu. Raya alipofika aliacha Kiswahili. Anakielewa chote, ila tangu hapo hajibu. Sote tulisema ni Uingereza imemharibu. Tunapenda kuisingizia Uingereza.

Baada ya hitima nilimwomba ashike maikrofoni yako, katuni zisife. Alikataa, kisha akaniita Hodge Hill, nyumbani kwenu, tujaribu sebuleni, sisi wawili tu, mapazia yamefungwa kama tunafanya uhalifu. Akaanza kwa Kiingereza. Sikusema neno, na unajua ilivyonigharimu. Polepole Kiswahili kikaanza kuingia, kwanza matusi, kama kawaida, kisha sentensi nzima. Akawasemea mbuzi. Akamsemea bibi. Ilipofika mbinguni nikangoja anyamaze kama wewe.

Hakunyamaza. Uso ule mweupe ulipofungua mdomo, Raya akasema, kwa sauti ya mama yako, Somo, ile ya kuvuta maneno: “Hatujambo sote. Mtoto mzima wa afya, anakula, anacheza. Hataki kitu. Anakusalimu sana.”

Akarudia. “Mtoto hajambo. Anakusalimu sana.”

Nilimwuliza nani kamwambia maneno ya mzee yule. Hakuna. Na Bi Mei hawajuani. Wewe hukumwambia. Nikamwuliza mara ya pili, unanijua, akaapa. Ameutazama uso tu, akajua kinachotoka.

Kisha akaizima televisheni, akanambia kwa Kiswahili, cha kwanza kuniambia tangu aje nchi hii: “Nilikuwa na homa, Ma Salma. Nimesimama mlangoni nasikia bibi anasema hivyo kwenye simu. Nilitaka kupiga kelele. Halafu nasikia na mama huko anasema, na sisi hatujambo, baridi kidogo tu.”

Baridi kidogo tu. Mimi ndiye niliyekuwa nikilala nawe kitanda kimoja kwa zamu mwaka ule, unatoka wewe naingia mimi, shuka halijapoa. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa boksi la sabuni. Najua baridi hiyo ilikuwa kiasi gani.

Kumbe mdomo mtamu ulikuwa pande zote mbili za simu, na mtoto katikati anayajua yote. Raya alikuwa akikaa viti vya nyuma ukumbini kila Jumamosi, karibu na mlango, amekusubiri akupeleke nyumbani. Nashuku, na hili ni la kushuku tu, kwamba hukuweza kumsemea mzee yule mbele yake. Kusema uongo wake kwa sauti yako ilikuwa kuurudia. Kumtungia ukweli ilikuwa kumwambia mwanao ukweli huo kwa maikrofoni, mbele ya watoto wa watu. Ukachagua kuacha pengo. Labda ulingoja Raya aje akuulize. Labda yeye alingoja umwambie. Nakasirika nikiliwaza hilo, na sina wa kumkasirikia.

Habari nyingine, kwa kifupi. Mpangaji mpya wa chini kwako anapiga muziki. Kiti chako cha plastiki nimekichukua, kiko kwangu jikoni, Bi Mei hukikalia. Kule Longbridge yule mzee wa Kiingereza uliyekuwa ukimnyoa ndevu anauliza mbona huji, wakamwambia uko likizo. Nilipiga simu nikawaambia wamwambie kweli. Wakasema watafikiria.

Somo yangu, lala salama. Ahadi yangu ni moja, na ni ngumu kwa mtu kama mimi: pale mbinguni sitatia neno. Raya aliniomba nimwandikie la kusema, nikaandika kurasa, zilikuwa nzuri, nikazichana. Amekubali kushika maikrofoni, na sehemu ile ataiacha wazi kama ulivyoiacha wewe. Nitakaa karibu na mlango, mahali pake, na nitafunga mdomo. Mola akupe pumziko ambalo kitanda kile hakikukupa.

Na sasa nyinyi wa kamati, na wewe hasa, Bwana Hemed. Mnataka kukutana kuzuia katuni za Jumamosi. Msikutane. Njooni Jumamosi, mkae viti vya mbele, mtazame kwanza mnachokipinga. Bwana Hemed, mkalishe Shani mapajani. Wazazi wake wako Maskati, na sote tunajua kila anapokuuliza wanarudi lini unamwambia mwezi ujao. Asali aliyoipaka darini, hukumwuliza alitaka lisisemwe neno gani. Mzee mwenye uso mweupe akifungua mdomo, Raya atanyamaza, na ukumbi wote utakuwa kimya. Mtoto atageuka akutazame.

Mjibu. Halwa tutakula baadaye.

Salma
Ladywood, Birmingham